Jina Nililolitaja Alhamisi

Jumamosi ile nilifika mazoezini nimechelewa dakika tano, nikakuta kiti cha Telesfori kimekaliwa na Habibah.

Nilisimama mlangoni, fidla kwapani, nikadhani labda nimeingia mahali pasipo petu. Lakini ulikuwa ukumbi uleule wa parokia, kwenye mlima wa Nyamitanga, Mbarara, na okestra ilikuwa ileile yetu ya watu kumi na wanne: fidla tisa, klarineti mbili, tarumbeta ya askari aliyekuja tu akiwa hana zamu, ngoma kubwa, na kinanda cha kukanyaga ambacho sauti yake ilishuka kidogo kila masika, ikatubidi sote kuzilegeza nyuzi zetu tushuke nacho. Mbele yetu alisimama Afande Nasani, mstaafu wa bendi ya jeshi, na kijiti chake alichokichonga kwa mti wa kahawa.

Telesfori alikuwa nyuma kabisa, ubavuni mwa ngoma. Alituzidi sote kwa fidla, na sasa amekwenda kukaa na ngoma! Alikuwa ameinamia upinde wake akiupaka ulimbo, na hakuinua uso.

"Wewe Enid!" Afande aliita. "Iko nasimama hapo kama nguzo ya simu? Kaa chini! Hapana harusi hapa!"

Watu walicheka. Kicheko kilidumu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, nami nikaona haya bila kujua ni haya ya nini.

Nilipokaa, Habibah aliniegemea sikioni. Alikuwa binti wa wauza vitambaa wa Nyamityobora, na mimi nilishona sare za shule kwenye baraza ya duka lao. Hakuwa na siri nami.

"Usinikodolee macho, shoga. Sikujileta. Mwenyewe ameomba."

"Nani ameomba?"

"Huyo wako. Amekuja na lori la samaki kabla yetu sote, ananuka ngege kama kawaida, akamwambia Afande amhamishe. Afande kakataa. Kaomba tena. Wallahi, nusura apige magoti."

"Kwa sababu gani?"

"Kwani mimi ni moyo wake?" Kisha akanitazama vizuri. "Enid, kweli hujui?"

Afande aligonga stendi, nasi tukanyamaza.

Katika okestra wawili hutumia stendi moja na karatasi moja. Anayekaa upande wa ndani ndiye anayegeuza ukurasa, na mwenzake huendelea kupiga. Kwa miezi minane Telesfori ndiye aliyenigeuzia. Mimi nilijifunza kusoma herufi nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika darasa la jioni, baada ya cherehani. Nota nilianza kuzisoma nikiwa na ishirini na saba. Kwa hiyo nilizisoma kama mtu anayevuka mto Rwizi kwa kukanyaga mawe, moja halafu jingine. Na mara nyingi nilimkasirikia Telesfori, maana alichelewa kugeuza. Nilifika nota ya mwisho, mkono wake bado uko gotini. Nilimnong'oneza, "Geuza basi!" naye akatabasamu tu, akageuza. Nilidhani ni uvivu wa mtu anayejua sana.

Sasa tulianza kile kipande cha polepole, ambacho tungekipiga mbele ya wageni siku nane baadaye, Jumapili, katika tamasha letu la kwanza. Habibah aligeuza ukurasa mahali panapostahili kabisa. Mimi nilikuwa nimebakiwa na nusu mstari.

"Nani huyo nabaki nyuma kama mkia ya mbuzi?" Afande alisimamisha wote. "Tena!"

Tukaanza tena. Habibah akageuza, nami nikabaki tena.

"Enid! Hata punda ya jeshi najua kuhesabu mpaka nne! Tena!"

Mara ya tatu upinde uliganda mkononi mwangu. Nilielewa, na kuelewa kulinichoma kuliko kutokuelewa. Telesfori hakuwahi kuchelewa. Alikuwa ananingoja. Miezi minane aliungoja mstari wangu uishe, na mwanzo wa ukurasa uliofuata alikuwa akiufuata kichwani, bila kuuona, ili mimi nisipotee.

Niligeuka. Alikuwa ananitazama. Macho yetu yalikutana juu ya vichwa vya watu wanane, kwa muda wa pumzi moja, kisha akayashusha kama aliyeshikwa akiiba.

Basi, kama alinijali hivyo, kwa nini amenikimbia?

Nitasema ukweli: siku ile ile, katika vurugu ile ya moyo, tulipiga vizuri kuliko siku zote. Huwa hivyo. Saa nzima tunapiga kelele za bata, klarineti inalia peke yake, ngoma inakwenda Kabale na fidla zinakwenda Masaka. Halafu ghafla, kwa vipimo vinane au kumi vya muziki, hakuna aliye peke yake. Sauti inakuwa moja, unaisikia mpaka kwenye meno. Afande husahau kutukana. Ni kwa ajili ya vipimo hivyo fundi cherehani, askari na mwalimu wa hesabu huacha shughuli zao za Jumamosi. Nilikuwa nikimshukuru Mungu kila vilipokuja. Siku ile vilikuja na vikapita, na sikuweza kushukuru.

Wakati wa chai nilimngoja Telesfori karibu na birika. Alikuja, akaniona, akataka kurudi.

"Telesfori, nimekukosea nini?"

"Bonjour, Mamzel Enid." Alizungumza Kiswahili cha Bukavu, maana huko ndiko alikolelewa na kufundishwa fidla na mapadri, kabla mama yake hajamleta kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa ndugu zao Wanyarwanda. "Sasa hapana. Batu banatuona."

"Wanaona nini? Tunakunywa chai."

"Njo hiyo," alisema kwa huzuni. "Hata chai."

Akaondoka na kikombe kitupu. Habibah alikuja na karanga kwenye leso.

"Kula kwanza, halafu nikuambie. Shoga yangu, Alhamisi kwenye ushirika wenu ulisema nini?"

Nilirudisha karanga kwenye leso.

Sisi tuliookoka tuna desturi ya kutembea nuruni. Kinachokusumbua rohoni unakisimamisha mbele ya ndugu, unakitaja kwa jina lake, hukivishi nguo. Nao wanakukumbatia, wanaimba, na mzigo unauacha hapo hapo. Mimi nilikuwa na mzigo. Nilikuwa nikipiga magoti kuomba, na badala ya uso wa Bwana nilikuwa naona mkono wa mwanamume juu ya karatasi ya nota. Wiki tatu nililia. Alhamisi nikasimama, nikasema, "Ndugu, kuna mkimbizi mmoja wa Nakivale, anaitwa Telesfori, tunakaa naye stendi moja. Ameingia katika maombi yangu. Naomba Bwana anioshe." Waliimba. Nilirudi nyumbani mwepesi kama unyoya.

"Nilisema ukweli tu," nilimwambia Habibah.

"Ukweli ulitoka kwenu na nguo mbili, ulipofika sokoni ulikuwa uchi. Wanasema umeanguka na mkimbizi, na umeungama mbele ya watu arobaini. Dereva wa samaki alimpa Telesfori habari kabla hajapanda lori."

"Lakini hatujafanya lolote! Hajawahi hata kunishika mkono!"

"Mimi najua. Sasa nenda kawaambie wauza ndizi." Alinitazama kwa huruma, na mwenyewe akatafuna karanga. "Nyinyi watu wa wokovu mna ujasiri. Mimi jina la mtu ninayemwaza, hata mto wangu haulijui."

Nilipogeuka, kaka yangu Jovan alikuwa amesimama mlangoni na baiskeli yake. Jovan ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki. Hakuwa mtu mkali. Angekuwa mkali, mambo yangekuwa rahisi.

"Chukua kitu chako twende," alisema.

"Mazoezi hayajaisha, kaka."

"Yameisha kwako."

Tulishuka mlima, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikiwa na fidla. Tulipofika darajani alisimama.

"Nimekaa na wazee wa ushirika. Wanasema kutubu bila kutengeneza ni nusu ya kazi. Alhamisi ijayo, kabla ya ushirika, uende kwa mtu huyo, umwambie umemkosea, umwombe msamaha, na kwamba hutakaa naye tena. Halafu fidla uirudishe parokiani."

"Na tamasha?"

"Tamasha la nani, Enid? Umri wako ni miaka ishirini na minane. Nani atakuja kukuposa, na jina lako liko sokoni? Na huyo, hata akitaka, atakuposa na nini? Nani atamsemea? Ana ukoo gani hapa? Ana shamba walilomkatia kwa kamba kule kambini."

"Kaka, je, ni dhambi?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama afanyavyo siku zote. "Kama si dhambi, mbona uliitubu?"

Swali hilo nililala nalo siku tano. Kila nilipolijibu, jibu liligeuka. Niliomba asubuhi, niliomba mchana juu ya cherehani, mguu ukikanyaga na midomo ikinong'ona. Bwana, nilisema kweli, mbona imekuwa uongo? Na kama ilikuwa uchafu, mbona nilipooshwa bado iko pale pale, safi kama shati jeupe?

*

Alhamisi saa moja asubuhi nilipanda lori la samaki lililokuwa likirudi ziwani. Dereva aliniweka mbele, akanifutia kiti, na hakuniuliza ninakwenda kwa nani. Ndipo nikajua kwamba anajua kila kitu.

"Narudi saa saba," alisema aliponishusha kwenye njia panda. "Samaki hangoji, dada."

Njiani nilikuwa nimeyakariri maneno yangu kwa mwendo wa magurudumu: nimekukosea mbele za Mungu na mbele za watu, naomba unisamehe, na kuanzia leo sitakaa nawe tena. Niliyasema tena nikipita mashamba ya mahindi na vibanda vya udongo, watu wakinisalimu kwa Kinyarwanda, nami nikiwajibu kwa Kinyankore, na wote tukielewana.

Nilimkuta uani akipiga maharage kwa fimbo, na mama yake, Mama Kandida, ameketi mkekani akipepeta kwa ungo. Alikuwa mwanamke mrefu hata alipoketi. Telesfori aliponiona fimbo ilibaki juu.

"Mamzel Enid."

"Nimekuja kutengeneza," nilisema haraka, kabla ujasiri haujanitoroka. "Nimekukosea mbele za Mungu na mbele za watu, naomba unisamehe, na..."

Kilichofuata hakikutoka. Nilikitafuta. Kilikuwepo njia nzima, sasa hakipo.

"Simama kwanza," alisema. Aliweka fimbo chini. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Nikusamehe nini? Miye nilikufanya nini? Nilikugusa?"

"Hapana."

"Nilikuandikia barua?"

"Hapana."

"Nilikuita fasi ya kujificha?"

"Hapana, Telesfori."

"Sasa ju ya nini Mbarara yote banasema umenitubu? Miye niko malaria? Niko pombe? Kwetu, Mamzel, zambi unaambia padiri ku dirisha, kiloko-kiloko, na sauti ya chini, na padiri anafunga kinywa mpaka kaburi. Weye umeipigia tarumbeta!"

"Sikusema tumetenda! Nilisema ninapoomba nakuona wewe. Basi. Hayo mengine wameyashona watu."

Kuku walikuja kudonoa maharage, hakuna aliyewafukuza.

"Unaniona namna gani?" aliuliza, na hasira ilikuwa imeshuka nusu.

"Nauona mkono wako. Ukingoja kugeuza."

"Nani alikuambia niko nangoja?"

"Habibah anageuza mapema mno."

Alicheka bila kutaka. "Ule anageuza sawasawa. Njo weye unakawia."

"Basi kwa nini ulihama?" Sauti yangu ilipanda, na sikuweza kuishusha. "Miezi minane unaningoja, halafu siku moja unanikimbia mbele ya watu wote, hata chai hunywi! Nijue nini hapo? Unanipenda au unanichukia? Niambie moja, Telesfori, maana mimi nimechoka kukisia!"

Alikaa juu ya kinu. Alijishika kichwa kwa mikono miwili yenye vumbi la maharage.

"Nilihama ju ya jina yako. Nilisema, nikikaa mbali, batu batanyamaza. Alafu nikakaa kule nyuma, nikaangalia shingo yako saa mbili mzima, nikapoteza hesabu mara tano. Afande alizania ni ngoma njo inakosea." Aliinua uso. "Niko na kasirani na weye. Usiku silali ju ya kasirani. Na pia niko na furaha, ju hakuna muntu alishaniweka ku maombi yake. Yote mbili kwa siku moja. Unauliza moja, miye sina moja. Kichwa yangu haiko sawa."

"Na yangu," nilisema.

Mama Kandida, ambaye tulikuwa tumemsahau, alikohoa.

"Miye niko na swali kwa huyu binti," alisema. Aliendelea kupepeta. "Mwanamuke mwenye kukutubu mbele ya ndoa, nyuma ya ndoa atakufanya nini? Uliza ile, Telesfori."

"Mama..."

"Nyamaza. Miye njo nilibeba weye mu mugongo mpaka Bukavu, si ule Afande." Ungo ulikwenda juu na chini. "Na lingine. Binti, pale mbele ya batu benu, ulimwita nani? Sema vile ulisema."

Ningeweza kulipamba. Lakini aliyezoea nuru hajui tena kusema gizani.

"Nilisema, 'kuna mkimbizi mmoja wa Nakivale, anaitwa Telesfori.'"

Ungo ulisimama.

"Mukimbizi moja," alisema Mama Kandida. Aliyasema maneno hayo polepole, kama anayepima uzito wake. "Kwenu muko na ngombe?"

"Tunao, Mama. Kaka yangu anao saba."

"Biko na majina?"

"Kila mmoja ana lake."

"Unabiita 'ngombe moja ya Mbarara'?"

Kila Mnyankore anajua jibu. Ng'ombe wetu tunawaita kwa majina yao, na majina ya mama zao. Na mimi, mbele ya watu arobaini, nikimpeleka kwa Mungu mtu aliyenigeuzia kurasa miezi minane, nilimtaja kwa kambi yake, wala sikujua jina la baba yake. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimekuja na toba moja mkononi, nikaona kumbe niliyodaiwa ni nyingine, na hii ilikuwa dhambi kweli, kwa sababu ilipotajwa iliniuma mahali penyewe.

Nilipiga magoti mkekani mbele yake.

"Mama, hilo nimekosa. Kwako na kwake. Hilo natubu, na sikulijua mpaka uliponionyesha."

"Na lile lingine?" Telesfori aliuliza kutoka kwenye kinu.

"Lipi?"

"La mkono. La maombi."

Nilimtazama. Alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa na hofu kama wa mtu anayengoja daktari.

"Lile sitalitubu tena," nilisema. "Nilikosea kulitubu. Leo jioni nitasimama niwaambie."

"Dereva aliniambia kaka yako anataka urudishe violon."

"Sirudishi."

"Atakufukuza mu nyumba?"

"Sijui. Nadhani hatanifukuza. Atanyamaza mwezi mzima, na kwangu hiyo ni mbaya zaidi."

Mama Kandida alinishika kiwiko, akaninyanyua. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto kwa jua.

"Kama utasimama pale tena," alisema, "usiseme jina nusu. Telesfori beko bengi. Huyu iko Telesfori Gasana, mwana wa Rwabukamba. Sema."

"Telesfori Gasana, mwana wa Rwabukamba."

"Gasana. Usikanyage pale mwanzo. Gasana."

"Gasana."

"Tena."

Nilirudia mara nne. Afande Nasani mwenyewe hakuwahi kunisumbua hivyo kwa nota moja. Mara ya tano aliitikia kwa kichwa.

"Mama," Telesfori alisema kwa sauti ndogo, "basi unakubali?"

"Sikukubali kitu! Huyu si wa kanisa letu, na kaka yake hanijui. Nataka tu baseme jina sawa." Alirudi kwenye ungo wake. "Kukubali ni siku ingine. Batakuja batu na kinywa, ba kusema posa, si watoto babili mu maharage."

Honi ya lori ililia njia panda. Niliaga. Mama Kandida aliniitikia bila kuinua macho, lakini nilipofika mwisho wa uwanja alipaza sauti, "Binti! Njiani usikalie ku upande wa jua!" na sikujua hilo ni neno la kukataliwa au la kukaribishwa.

Nilikuwa nimekwisha kupanda nyuma, kati ya matenga ya ngege na majani mabichi yaliyoyafunika, maana kiti cha mbele kilichukuliwa na mama mjamzito. Dereva alitia gia. Hapo nikamwona Telesfori anakimbia, shati jeupe halijafungwa vifungo, viatu mkononi.

"Ngoja! Ngoja kiloko!"

Alirusha viatu kwanza, kisha akajirusha mwenyewe. Alikaa mbele yangu, ng'ambo ya tenga, akihema.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza, ingawa moyo ulikuwa umeshajibu na kukanusha na kujibu tena.

"Kwenda kusema."

"Kusema nini?"

"Sijui bado. Lakini kama banataja miye, heri nikuwe pale." Alianza kufunga vifungo, akakosea, akafungua vyote. "Niko na maswali. Kule kwenu, muntu anaanza namna gani? Anasimama, ao banaimba kwanza?"

"Anasimama kwanza. Wanaimba akimaliza."

"Anasimama mbele ya bote?"

"Wote."

"Hakuna dirisha?"

"Hakuna, Telesfori."

Lori liliyumba kwenye shimo, samaki mmoja akateleza hadi miguuni pake, akamrudisha kwenye tenga kwa adabu.

"Na kama nasimama, na maneno inapotea?"

"Nitasimama nawe."

"Kaka yako atakuwa pale?"

"Kiti cha kwanza."

Alifanya ishara ya msalaba. Hakuwa amesema ananipenda. Mimi pia sikuwa nimesema. Nilitaka kumuuliza tena lile swali langu la moja au jingine, lakini niliogopa kwamba angenijibu kwa uaminifu uleule, na jibu lingekuwa mawili.

"Mamzel Enid," alisema tulipoanza kuuacha mteremko wa ziwa. "Weye jina yako mzima ni nani?"

"Enid Kyomugisha, binti Bamwine."

"Kyomu..."

"Kyomugisha."

Hakuuliza tena. Niliinamisha kichwa niombe. Nilisema, Bwana, sijui tunakwenda kuwaambia nini, na huyu naye hajui. Shika wewe kijiti. Vumbi liliingia mpaka kwenye kope. Nilipofumbua macho, Telesfori alikuwa amefumba yake, vifungo vimekosewa tena, midomo ikicheza. Nilidhani na yeye anaomba. Nikasogea karibu kidogo na tenga, ndipo nikamsikia, chini ya kelele ya injini, akirudia polepole, akisimama pale anapojikwaa na kuanza upya: Kyomugisha, binti Bamwine. Kyomugisha, binti Bamwine.